Sayari kubwa imewezaje kufika karibu na nyota changa hivyo?

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa Ahero, Kaunti ya Kisumu. Anasema kwamba katika klabu ya sayansi aliwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu kuwa sayari kubwa za gesi, kama Mshtarii, huzaliwa mbali na nyota kwenye baridi, na kwamba zile zinazopatikana zimeikaribia nyota mno zilisogea huko kwa muda mrefu sana. Msichana mmoja akaleta makala aliyoisoma likizoni, inayohusu sayari ya namna hiyo kwenye nyota yenye umri wa miaka milioni 2 tu, akauliza huo muda mrefu uko wapi. Mwalimu anataka kujua mambo matatu: sayari ilifikaje upesi hivyo, umri wa nyota hujulikanaje, na kama kuna lolote ambalo klabu yake inaweza kufanya bila darubini.

Mwalimu, mpe huyo binti hongera zangu. Ulichowafundisha si kosa. Ni simulizi moja kati ya tatu zinazoshindana, na umri wa nyota ndio shahidi anayeweza kuamua kati yao. Ila nitamharibia furaha kidogo, kwa sababu ninashuku sayari aliyoisoma ni V830 Tau b, na hiyo leo hatuna hakika kama ipo. Kwa hiyo nitajibu kwanza kama inawezekana, kisha kama imeonekana kweli. Watu huyachanganya mambo haya mawili.

Mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz, wakifanya kazi katika kituo cha Haute-Provence kusini mwa Ufaransa, walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi kila baada ya siku 4.2. Uzito wake ni karibu nusu ya Mshtarii au zaidi. Mshtarii wetu huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua, hivyo waliokuwa wakisaka sayari walikuwa wamejiandaa kusubiri miaka mingi. Nani angetazamia siku 4? (Mwanaastronomia Otto Struve alikuwa ameandika tangu 1952 kwamba hakuna kinachoizuia sayari kubwa kukaa karibu kabisa na nyota yake, na kwamba ingeweza kupimwa. Hakusikilizwa.) Mayor na Queloz walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na sayari za aina ile zikaitwa Mshtarii moto. Si nyingi. Ukichukua nyota 100 zinazofanana na Jua, utaipata kwenye moja, au hata usiipate.

Shida yake ni hii. Ili jitu la gesi liumbike kwa njia tunayoielewa vizuri, lazima kwanza kijengeke kiini cha mwamba na barafu chenye uzito wa Dunia kama 10. Kikifika hapo, kinaanza kuikusanya gesi iliyokizunguka, na kinaikusanya kwa kasi. Karibu na nyota hakuna barafu kwa sababu ya joto, na vumbi lenyewe ni haba. Kwetu sisi, barafu ilianza kudumu kwenye umbali wa mara 2 au 3 ya ule ulio kati ya Dunia na Jua. Kwa nini basi jitu likutwe ndani kabisa, kwenye asilimia 5 tu ya umbali ulio kati ya Dunia na Jua?

Simulizi ya kwanza inasema lilizaliwa hapo hapo. Wapo wanaoitetea, na hesabu zao si za kupuuzwa, lakini mimi naiona ngumu kwa sababu ya huo uhaba wa mali ghafi.

Simulizi ya pili inatumia sahani ya gesi na vumbi ambayo kila nyota changa huzaliwa nayo. Sayari inapozunguka ndani ya sahani hiyo, uvutano wake huchora mawimbi kwenye gesi, na mawimbi hayo nayo huivuta sayari. Mara nyingi matokeo ya mvutano huo ni sayari kupoteza nguvu ya mzunguko wake na kuteremka polepole kuelekea nyota. Haya yote lazima yatokee gesi ikiwa bado ipo, na gesi haikai. Kufikia umri wa miaka milioni 3 hivi, karibu nusu ya nyota zimeshapoteza sahani zao, na kufikia milioni 10 ni chache mno zinazobaki nazo.

Simulizi ya tatu ndiyo iliyo karibu na uliyoifundisha. Gesi imekwisha, sayari imetulia mbali huko, halafu jirani anakuja kuisumbua. Jirani huyo anaweza kuwa sayari nyingine nzito, au nyota ya pili iliyo mbali. Njia ya sayari inarefuka mpaka upande mmoja unapita karibu sana na nyota, na kila inapopita hapo, nyota huivuta na kuikunjakunja, nayo inapoteza nishati kidogo. Hatimaye njia inafupika na kuwa duara dogo. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua makumi au mamia ya mamilioni ya miaka, wakati mwingine hata mabilioni.

Sasa unaona kwa nini umri ni muhimu. Mshtarii moto kwenye nyota ya miaka bilioni 5 haukuambii chochote kuhusu njia uliyopitia, maana simulizi zote tatu zimekuwa na muda wa kutosha kumalizika. Ukiupata kwenye nyota ya miaka milioni 2 au 3, simulizi ya tatu inabanwa vibaya, na ya pili inapata nguvu.

Na hilo neno "upesi" lisiwatishe wanafunzi. Wapigie hesabu ubaoni. Tuseme sayari imeanzia alipo Mshtarii, yaani kilomita milioni 750 hivi kutoka kwenye nyota, ikateremka kwa miaka 500,000. Gawanya: ni kama kilomita 1,500 kwa mwaka, au 4 kwa siku. Mzee mwenye fimbo hutembea zaidi ya hapo kabla ya chakula cha mchana. Hesabu za mwendo ndani ya sahani ya gesi hutoa muda wa kuanzia miaka laki moja hadi milioni kadhaa, kutegemea uzito wa sayari na wingi wa gesi. Kwa hiyo nyota ya miaka milioni 2 ina muda wa kutosha. Kinachonisumbua zaidi ni kitu kingine: kwa nini sayari isimame? Ingepaswa kuendelea hadi imezwe. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nyota changa zina usumaku mkali unaosukuma gesi na kuacha uwazi katikati ya sahani. Sayari ikifika kwenye ukingo wa uwazi huo, gesi ya kuivuta imekwisha, inakaa. Ukingo huo huwa pale pale ambapo sayari hizi hupatikana.

Umri sasa. Nyota haina cheti cha kuzaliwa, na ukiikuta peke yake angani ni vigumu kuukisia umri wake. Bahati ni kwamba nyota huzaliwa kwa makundi, kutoka wingu moja. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, imepima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja, na kutokana na vipimo hivyo tunatambua zipi zinasafiri pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Kisha unaangalia kundi zima. Nyota changa bado zinajikunja, hivyo ni kubwa na zinang'aa kuliko zitakavyokuwa ukubwani. Zinajizungusha kwa kasi. Na zina lithiamu. Elementi hii huteketea ndani ya nyota ndogo kadiri miaka inavyopita, hivyo ikionekana kwa wingi kwenye mwanga wa nyota ndogo, hiyo nyota haijakaa sana. Vipimo hivi havilingani kila mara, na "miaka milioni 2" ya magazetini mara nyingi ni "kati ya 1 na 4" katika ripoti yenyewe.

Wanafunzi wako wanaweza kuonyeshwa mahali penyewe. Jioni za Desemba na Januari, ukisimama uwanjani Ahero mbali na taa, kundi la nyota la Ng'ombe (Taurus) huwa juu sana kwa sababu mko karibu kabisa na ikweta. Kilimia, kilichomo ndani yake, wanakijua, au babu zao wanakijua, ndicho kile cha "kikizama kwa jua huzuka kwa mvua." Nyota za Kilimia zina miaka zaidi ya milioni 100, kwa hiyo si watoto wachanga tena. Lakini jirani yake, angani hapo hapo na umbali wa karibu miaka ya nuru 450 kutoka kwetu (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), kuna mawingu meusi ambako nyota zinazaliwa hadi leo. V830 Tau imo humo.

Mwaka 2016 timu ya Jean-François Donati wa Toulouse, Ufaransa, ilitangaza kwenye jarida la kisayansi la Nature kwamba nyota hiyo ina sayari yenye uzito wa robo tatu ya Mshtarii, inayoizunguka kwa siku 4.93. Hawakuiona. Walipima jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari, yaani mwanga wake unavyobadilika rangi kidogo mno inapotusogelea na inapotuacha. Kiasi cha kuyumba kilikuwa mita 75 kwa sekunde. Nyota hiyo, hata hivyo, ina madoa makubwa meusi usoni, na hujizungusha kila baada ya siku 2.74. Doa likiwa upande unaotujia, mwanga wa upande huo hupungua, na kipimo hudanganyika kwamba nyota nzima inatuacha. Likivuka upande wa pili, udanganyifu unageuka. Uongo huo wa madoa kwenye V830 Tau ulifikia zaidi ya kilomita moja kwa sekunde, mara nyingi zaidi ya ukweli uliokuwa ukitafutwa.

Walichofanya ni kuchora ramani ya madoa usiku baada ya usiku, wakakokotoa uongo wake, wakautoa. Mwenye kinu cha posho hufanya hivyo bila kujua: ngurumo ya mashine yake haimshughulishi tena, ila changarawe moja ikiingia na mahindi anageuka papo hapo. Njia hiyo ni ya akili, na bado inategemea kuijua mashine vizuri sana. Mwaka 2020 timu ya Waitalia iliyoongozwa na Mario Damasso iliipima upya nyota hiyo kwa HARPS-N, chombo cha kupima kuyumba kwa nyota kilichoko kisiwani La Palma. Sayari haikujitokeza katika vipimo vyao.

Haikuwa peke yake. Nyota nyingine ya Ng'ombe, CI Tau, ilitangazwa mwaka huo huo wa 2016 kuwa na jitu zito mara 11 kuliko Mshtarii, linalozunguka kwa siku 9. Baadaye ikabainika kwamba siku 9 ndizo nyota yenyewe inazotumia kujizungusha. Aliyeonyesha hilo alikuwa Donati, pamoja na wenzake, mwaka 2020. Mimi sasa nikisikia sayari imegunduliwa kwa kuyumba tu kwenye nyota ya miaka milioni chache, huuliza kwanza nyota inajizungusha kwa siku ngapi. Nawe wafundishe wanafunzi wako kuuliza hivyo.

Ushahidi unaonituliza zaidi ni ule wa sayari kupita mbele ya nyota na kuufifisha mwanga. Mshtarii moto ukipita mbele ya nyota inayofanana na Jua, mtazamaji wa mbali ataona mwanga umepungua kwa asilimia 1, kwa saa kadhaa, kisha ukarudi. Madoa nayo hupunguza mwanga, lakini polepole, kwa siku nzima nzima. Sayari inapopita, mchoro wa mwanga unakatika ghafla, na mkato unajirudia kwa kipindi kile kile. Ni vigumu kwa doa kuigiza hivyo.

Satelaiti ya Marekani iitwayo TESS, iliyorushwa Aprili 2018, ndiyo iliyoleta sayari changa nyingi za aina hii. Mwaka 2020 ilitangazwa HIP 67522 b, kwenye nyota ya miaka milioni 17, umbali wa miaka ya nuru kama 400. Inazunguka kwa siku 7, na upana wake ni mara 10 ya Dunia, karibu sawa na Mshtarii, ambao ni mara 11. Tena vipimo vilionyesha njia yake haijainama: inazunguka sambamba na mzunguko wa nyota. Sayari iliyosukumwa na jirani mkorofi mara nyingi huishia na njia iliyopinda. Hii inafanana na iliyoteremka taratibu ndani ya sahani.

Basi likatokea jambo ambalo mimi sikulitazamia. Darubini ya James Webb ilipochunguza hewa ya HIP 67522 b, matokeo ya 2024 yalionyesha kwamba uzito wake ni wa Dunia 14 tu. Mshtarii una uzito wa Dunia 318. Hata Neptuni, yenye 17, inaizidi! Jitu hili limefura kwa joto la utotoni, ndani halina kitu kikubwa. Nyota changa humwaga eksirei kwa wingi kuliko Jua la leo, na gesi nyepesi ya sayari inaendelea kupeperushwa. Isitoshe, mwaka 2025 timu ya Ekaterina Ilin ilionyesha kwamba sayari hii inaichokoza nyota yake: milipuko ya nyota hutokea zaidi sayari ikiwa sehemu fulani ya njia yake, na milipuko hiyo huiunguza sayari yenyewe. Baada ya mamilioni ya miaka itasinyaa iwe sayari ya wastani isiyomshangaza mtu. (Nikitaja eksirei, waambie wanafunzi kwamba satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzichunguza kutoka angani ilirushwa kutoka pwani yetu, kwenye jukwaa la San Marco karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa Kenya. Ni aibu kwamba historia hii haisikiki madarasani.)

Tahadhari hiyo hiyo, kwamba upana si uzito, inaihusu sayari changa kuliko zote zilizoonekana zikipita mbele ya nyota hadi ripoti yake ilipotoka Novemba 2024: IRAS 04125+2902 b, iliyotangazwa na Madyson Barber na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Iko katika Ng'ombe hapo hapo, nyota yake ina miaka milioni 3, na inazunguka kwa siku 8.83. Upana wake unakaribia wa Mshtarii, uzito wake ni chini ya theluthi moja. Sahani ya nyota bado ipo, lakini sehemu ya nje imelala upande tofauti na njia ya sayari, na ndiyo maana tukaweza kuona. Ingekuwa sambamba, vumbi lingeziba. Kwa nini sahani imelala hivyo ni fumbo ambalo halijapata jibu la kuniridhisha. Hata hivyo, kwa swali la binti yako hii inatosha: miaka milioni 3, na sayari pana iko karibu na nyota tayari.

Akitaka yenye uzito wa kweli, mpe TOI-837 b. Imo katika kundi la IC 2602, ambalo wengi huliita Kilimia cha Kusini, lenye miaka kama milioni 35. Inazunguka kwa siku 8.3 na ina uzito wa Dunia kama 116, kupita Zohali. Miaka milioni 35 haiifungii mlango simulizi ya tatu kabisa, lakini inaubana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba sayari zinaweza kufika mapema, na baadhi zimefika, pengine kwa kuteremka ndani ya gesi. Lakini Mshtarii moto kamili, mpana na mzito kwa pamoja, kwenye nyota ya chini ya miaka milioni 10, wenye ushahidi usiopingwa, mimi siuhesabu bado. Wala sisemi simulizi ya tatu imekufa. Zipo sayari zenye njia zilizopinda au hata kuzunguka kinyume na nyota zao, na hizo hazielezeki kwa urahisi bila jirani mkorofi. Inaelekea njia zote mbili hutumika, na mabishano yaliyobaki ni ya uwiano.

Klabu yako inaweza kuanza bila darubini. Data za TESS ni bure kwa yeyote mwenye intaneti, na mradi wa Planet Hunters TESS huwapa watu wa kawaida michoro ya mwanga wa nyota ili watafute mikato. Hata kompyuta ya zamani inafaa. Kabla ya hapo wape zoezi la karatasi. Sheria ya tatu ya Kepler: kwa nyota yenye uzito wa Jua, umbali ukipimwa kwa kipimo cha Dunia hadi Jua, ujizidishe wenyewe (umbali × umbali × umbali), kisha utafute kipeuo cha pili cha jibu, utapata muda wa mzunguko kwa miaka. Waanze na 0.057, umbali uliodaiwa wa V830 Tau b. Wakizidisha jibu kwa 365, watapata siku 5 kasoro kidogo. Halafu waambie TESS kwa kawaida hulitazama eneo moja la anga kwa siku 27 hivi, wakokotoe ingeona mikato mingapi ya sayari ya siku 8.83, na wajadili ingekuwaje kama sayari ingekuwa inazunguka kwa miaka 12 kama Mshtarii wetu.